Jino la Kuokolewa, Jino la Kung'olewa

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa Tononoka, Mombasa, mbele ya wahudumu wa afya, walimu wa shule na madrasa, na wazee wa mitaa, kuadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa Duniani.

Wazee wangu, shikamooni. Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Na ambao salamu hizo hazikuwafikia, hamjambo nyote.

Mwenyekiti amenionya kwa upole kwamba sisi watu wa meno tukipewa kipaza sauti hatukosi kuwafundisha wenzetu kupiga mswaki. Leo sitafanya hivyo. Mswaki mnaujua, na naona wazee wawili hapo mbele wameuchomeka mfukoni, ule wa mti. Ni sawa kabisa. Hata Shirika la Afya Duniani liliuhimiza tangu miaka ya 1980, baada ya watu kuambiwa kwa muda mrefu kwamba ni ushamba.

Nimekuja kuzungumza juu ya ubaguzi kwenye kiti cha daktari wa meno. Najua neno hilo likitajwa hapa Mombasa, fikira zetu huvuka bahari: Marekani, Afrika Kusini ya zamani. Basi nitaanza huko ng'ambo, maana wenzetu wana tabia ya kuandika mambo yao, hata ya aibu. Kisha nitawarudisha hapa hapa, kati ya Likoni na Mishomoroni.

Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alivaa meno ya kubandika. Watoto wa kule walisimuliwa miaka mingi kwamba yalikuwa ya mbao. Uongo. Yalitengenezwa kwa pembe, kwa madini ya risasi, na kwa meno ya binadamu. Na katika daftari la hesabu la shamba lake la Mount Vernon, mwaka 1784, kuna mstari unaosema zimelipwa pauni 6 na shilingi 2 kwa Weusi, kwa meno tisa. Wenye meno hayo walikuwa watumwa. Unaweza kusema walilipwa. Mimi nauliza mtumwa hukataaje kuuza jino.

Na sisi wa pwani tusijitoe. Kwenye soko la Unguja, mnunuzi wa watu alianza kwa kufungua kinywa, akatazama meno, ndipo akashuka kwenye mikono na miguu. Pale Kengeleni, Freretown, ambapo watumwa waliookolewa baharini waliwekwa kuanzia miaka ya 1870, waliishi watu ambao vinywa vyao vilikuwa vimepekuliwa namna hiyo. Wajukuu wao wamo mjini humu, na huenda wamo ukumbini humu.

Mwaka 1869 Robert Tanner Freeman, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alihitimu udaktari wa meno Harvard, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo. Kabla ya hapo vyuo viwili vilimfungia mlango. Chama kikuu cha madaktari wa meno wa Marekani nacho kiliyaachia matawi yake yawakatae Weusi hadi miaka ya 1960. Radhi iliombwa mwaka 2010, kwa barua, na aliyeiandika ni rais wa chama wakati huo, Raymond Gist, ambaye ndiye Mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Yaani hata kazi ya kuomba radhi ilimwangukia aliyekosewa.

Hayo mtaniambia ni historia. Haya, twende karibu.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa madaktari wa meno wa Uingereza. Walipewa habari za mgonjwa mmoja: jino limeoza, neva ya ndani imewaka, maumivu hayalaliki, picha ya eksirei ni ile ile. Kilichobadilishwa ni sura tu. Baadhi yao walionyeshwa uso wa Mzungu, wengine uso wa mtu Mweusi. Mwenye uso mweusi alipendekezewa kung'olewa zaidi. Mwenye uso mweupe alipendekezewa zaidi kutibiwa mzizi, abaki na jino lake. Sidhani kama kuna daktari hata mmoja pale aliyejiona mbaguzi. Pengine ni watu wa ibada, wenye sauti ya upole na mikono laini. Ndiyo sababu utafiti huo unanitisha kuliko matusi ya barabarani, kwani wa matusi utamwona akija.

Kule Marekani, mwaka 2016, watafiti waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana Wazungu wa chuo kimoja cha Virginia kuhusu miili ya watu Weusi. Karibu nusu waliamini angalau jambo moja la uongo, kama vile ngozi ya Mweusi kuwa nene zaidi. Na walioamini hivyo walikadiria maumivu ya Mweusi kuwa madogo. Sasa mtu wa namna hiyo, ganzi atakupiga kiasi gani?

Hata vitabu tulivyosomea havikutuandikia sisi. Vinasema ufizi wenye afya una rangi ya waridi, rangi ya marijani. Tazameni kwenye kioo mkifika nyumbani. Wengi wetu ufizi una weusi, madoa au mshipi mzima, na hauna ugonjwa wowote; ni ile ile rangi iliyo kwenye ngozi. Nimempokea kijana aliyekuwa akiusugua ufizi wake kwa mkaa na limau mpaka ukachubuka, kwa kuwa aliambiwa mdomo wake mchafu. Siku hizi kuna wanaouza huduma ya kuuchubua kwa leza, kama tulivyouziwa krimu za uso. Upande wa pili ni mbaya zaidi: mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ufizi mgonjwa ni mwekundu, hataona kitu kwenye ufizi mweusi. Wekundu hujificha. Lazima atafute uvimbe, mng'ao wa kuvutika, na damu inayotoka chombo kikigusa. Asipofundishwa hivyo, mgonjwa wangu ataambiwa yuko salama, na baada ya miaka meno yataanza kucheza.

Sasa tumefika nyumbani.

Kuna binti mmoja aliyekuja kwangu, mzaliwa wa Gilgil, amesomea kazi za hoteli, Kiingereza chake safi na Kijerumani kidogo juu yake. Meno yake ya mbele yalikuwa na rangi ya kahawia, yenye mistari. Alikwenda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufuoni. Hakuambiwa hana sifa. Aliambiwa kuna nafasi kwenye chumba cha kufulia. Alipokuwa akinisimulia, kila akifika kwenye neno la kumfanya acheke, mkono ulikuwa ukipanda wenyewe kufunika mdomo. Akaniomba nimsafishe meno hata kama itamuuma.

Meno yale yalikuwa masafi kuliko ya kwangu. Rangi ile inatokana na maji. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa ina madini ya floridi, na maji ya visima vya Nakuru, Naivasha, Gilgil na kwingineko huko huyabeba. Floridi kidogo hulinda jino. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, mtoto anayeinywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya taya huota meno yenye madoa, meupe kama chaki au ya kahawia. Huwezi kuyasugua yakatoka. Ni kama kutaka kuitoa rangi ya kanga kwa kupiga pasi. Arusha na Kilimanjaro wanayo hayo hayo.

Lakini sisi hapa tumeyafanya kitambulisho. "Yule mtu wa bara, muone meno yake." Tunasema na kucheka, kwenye baraza, kwenye matatu, na aibu zaidi, nyuma ya kaunta ya hospitali. Nimewasikia wenzangu wa kazi. Mgonjwa hajakaa kitini, kabila lake limeshatajwa na usafi wake umeshahukumiwa. Na wa bara nao wana yao juu yetu: mpwani mvivu, mpwani anatafuna majani ya muguka mchana kutwa, mpwani hata jino likimuuma atangoja limalizike lenyewe. Mgiriama aliyetoka Ganze akiwa na kikoi na vumbi la safari husemeshwa kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi; anayefuata, mwenye kanzu nyeupe na jina la ukoo linalojulikana mjini, huambiwa "karibu sheikh, keti." Mkono ni ule ule, koleo ni lile lile. Nataka mniambie kama matibabu nayo huwa ni yale yale.

Kuna ndugu zetu wengine ambao hata hawakufika kwenye kaunta. Wamakonde waliingia Kwale tangu miaka ya 1930 kutoka Msumbiji, kukata mkonge na miwa. Walizaa, wakazika, wakazaa tena, bila kitambulisho cha taifa. Mwaka 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki, ndipo serikali ikawatambua kuwa kabila la 43. Wapemba, wavuvi tunaowanunulia samaki kila siku, walitambuliwa mwaka 2023. Nani alikuwa akiwakatia bima ya afya miaka yote hiyo? Bila kitambulisho huandikishwi. Wazee wa Kimakonde waliochongwa meno walipokuwa vijana, kwa urembo na heshima ya kwao, waliishi katika nchi ambayo meno yale yaliwatambulisha kuwa wageni, huku ikikataa kuwapa karatasi ya kuwatambulisha kuwa wenyeji.

Sasa jambo lililonileta hasa.

Mama mmoja anauza viazi karai na bhajia karibu na kivuko, upande wa Likoni. Alikuja na karafuu imekandamizwa kwenye gego la chini, shavu limevimba kidogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kabla sijauliza lolote akasema, "Daktari, ng'oa tu nirudi kazini." Nilimtazama. Gego lilikuwa na tundu kubwa, lakini mizizi imara, ufizi umelishika vizuri. Jino la kuokoka lile. Nikamweleza: tufungue, tutoe neva iliyokufa, tusafishe mifereji, tuzibe, tulivike kofia. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza maswali mawili ambayo hakuna chuo kilichonifundisha kuyajibu. Bei gani? Na mara ngapi?

Kung'oa kulikuwa sawa na faida yake ya siku moja. Kutibu mzizi na kuvika kofia ilikuwa kodi ya chumba chake ya miezi, na ilimbidi arudi mara tatu. Kila kurudi ni feri, ni matatu, ni karai kuzimwa, na wateja wakahamia kwa jirani. Akaketi. Nikang'oa.

Watu wa kwenye makaratasi watasema mgonjwa alichagua. Ndivyo faili linavyosema: mgonjwa ameomba kung'olewa. Lakini mwanamke wa umri wake, mwenye maumivu yale yale, akiingia kwenye zahanati ya binafsi kule Nyali na kadi ya bima ya mwajiri, hakuna atakayemtajia koleo. Ataonyeshwa picha, atapangiwa miadi. Na baada ya miaka kumi mmoja atatafuna nyama, mwingine atalowesha mkate kwenye chai. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na hata hilo la pembe mama yule hatalinunua.

Sisemi kung'oa ni dhambi. Jino lililotunga usaha likiachwa, linaua. Mwaka 2007 kule Maryland, Marekani, nchi tajiri kuliko zote, mtoto Mweusi wa miaka 12 aliyeitwa Deamonte Driver alikufa baada ya maambukizi ya jino kupanda hadi kwenye ubongo. Kulitoa jino lile kungegharimu dola 80 hivi. Bima ya familia yake, ile ya serikali kwa watu maskini, ilikuwa imekatika, na kumpata daktari wa kuwapokea ilikuwa kazi. Akafanyiwa upasuaji wa ubongo mara mbili, hospitali ikatumia karibu robo milioni ya dola, na hakupona. Ninachosema ni kwamba kung'oa kumekuwa tiba ya watu fulani, na kuziba kumekuwa tiba ya watu wengine, na mgawanyo huo hufanyika kabla kinywa hakijafunguliwa.

Niseme na hili, hata kama mwenyeji wetu atakunja uso. Hizi kambi za meno za bure. Wageni hushuka na masanduku yao, wakakaa wiki moja, wakang'oa kuanzia asubuhi mpaka jua linatua, wakapiga picha na ndoo ya meno. Wengine ni madaktari waungwana na nimefanya kazi nao. Lakini baadhi ni wanafunzi ambao kwao hawaruhusiwi kumshika mgonjwa peke yao. Mbona midomo ya Kwale na Kilifi iwe daftari la mazoezi? Na wakishaondoka, yule aliyevuja damu usiku anabisha mlango wa nani? Kambi ikija isibebe koleo peke yake. Ije na vifaa vya kuziba, na orodha ya wagonjwa ibaki hapa.

Niliahidi kutofundisha, lakini sukari lazima niiguse, kwa kuwa hata elimu yake ina ubaguzi ndani. Mnajua tunavyowaambia watoto wasitafune vitamu kutwa: sukari ikiingia, vijidudu huigeuza kuwa asidi, asidi huila ganda la jino, mate huhitaji muda kuituliza. Kwa hiyo mabuyu ya shilingi kumi yanayonyonywa tangu kengele ya mapumziko hadi ya kwenda nyumbani ni mabaya kuliko bakuli la kaimati lililoliwa mara moja na kwisha. Tulijuaje? Sehemu kubwa tulijua kutoka Vipeholm, hospitali ya Sweden ya watu wenye ulemavu wa akili. Miaka ya 1940, watafiti waliwalisha wagonjwa wale peremende za kunata zilizotengenezwa makusudi, kutwa, hadi meno yao yakaoza. Viwanda vya vitamu vilichangia gharama. Hakuna mgonjwa aliyeulizwa. Kisha watoto wa Sweden wakashauriwa kula peremende siku moja tu kwa wiki, na meno yao yakanusurika. Meno ya wale waliolazwa pale Vipeholm ndiyo yaliyolipa.

Sasa, kaunti. Namwona afisa wa afya amekaa pale kando ya feni, na namshukuru kwa kuja.

Kisingizio ninachokisikia kila mwaka ni mashine. Hatuna mashine, umeme unakatika, kiti kimeharibika, kwa hiyo tunang'oa. Kisingizio hicho kilikufa zamani, na kiliuliwa hapo jirani. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania, madaktari waliokuwa wakihudumia watu wasio na umeme walianza kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila keekee, kisha wakaziba kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Njia hiyo imesambaa duniani, Shirika la Afya Duniani limeitangaza, na mwaka 2021 saruji yenyewe iliingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Haihitaji jenereta. Wahudumu wetu wa afya ya kinywa wanaweza kuifanya shuleni, juu ya dawati, mtoto amelala chali. Haiokoi gego kama la mama wa Likoni lililokwisha kufa ndani. Ingeliokoa miaka mitatu kabla, lilipokuwa na tundu la kichwa cha njiti.

Basi naomba vitu viwili, na bei yake si kubwa. Cha kwanza ni saruji hiyo iwepo kwenye kila hospitali ya kaunti ndogo mwaka mzima, isiwe ya kuonekana wiki ya maadhimisho tu. Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu inakatwa asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya, na mama wa karai naye anadaiwa mchango wake. Tuna haki ya kuuliza ni kiasi gani kati ya hizo kinarudi kuokoa jino.

Cha pili ni mstari mmoja kwenye rejista. Leo tunaandika jina, umri, jino gani, limeng'olewa. Tuongeze: je, jino lingeweza kuokolewa? Na kama ndiyo, kwa nini halikuokolewa? Pesa, umbali, kifaa hakuna, au mgonjwa hakuelezwa. Na tuandike anatoka mtaa gani. Baada ya mwaka mmoja tutaweka Kizingo, mtaa wa wenye nacho, na Bangladesh yetu ya hapa Mombasa, mtaa wa mabanda, kwenye ukurasa mmoja, na hapo hatutahitaji tena utafiti wa Uingereza. Najua kuna wenzangu hawataupenda mstari ule, kwa sababu utawaonyesha na wao waliwaeleza nani na hawakuwaeleza nani. Nitaujaza na mimi.

Nimemaliza. Mama wa Kongowea ameinua mkono muda mrefu, kipaza sauti kinakuja kwako, mama. Bwana afisa, usiondoke tafadhali. Nadhani swali lake ni lako.